Likizo ya Watoto katika Makumbusho ya Kaskazini mwa Uingereza

Miaka mitano iliyopita dada yetu mdogo, aliyeolewa Uingereza na kufanya maskani yake Manchester, alitupigia simu kutuuliza jambo. Skuli zilikuwa zimefungwa, mvua haikatiki, watoto watatu wamo ndani ya nyumba ndogo, na majirani wanamshauri awapeleke makumbusho. Je, yafaa kuwaingiza watoto katika nyumba zilizojaa masanamu? Tulimjibu kwa wepesi ambao leo tunauonea haya: "Kaa nao nyumbani, uwasomeshe." Jibu la namna hiyo ni rahisi kwa mtu aliyeketi barazani Mji wa Kale, upepo wa bahari ukimpuliza, na watoto wenyewe hawako mbele yake.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 tulijaaliwa kumzuru, na safari yetu ikaangukia likizo ya nusu muhula. Siku mbili tu zilitutosha kulifahamu lile swali alilotuuliza. Watoto wa kule hawana kibaraza, hawana ua, wala hawana nyumba ya shangazi ya kukimbilia. Siku ya tatu tulimwambia dada yetu: "Vaa buibui lako, tutoke." Alicheka, akatukumbusha fatwa yetu ya simu, kisha akafunga mahamri na chupa ya chai.

Tunayaandika haya kwa ajili ya akina mama wa Pwani walioko miji ya kaskazini ya Uingereza, na kwa ajili ya wazee walioko huku wanaoulizwa maswali kama lile. Kwanza ni la fedha. Makumbusho ya taifa kule yaliondoa ada ya kiingilio mwaka 2001, na mengi ya manispaa na ya vyuo vikuu hayatozi pia. Mtu huingia bure na watoto wake wote, mlangoni pana sanduku la sadaka, atakaye hutia na asiyetaka hapita akiwa na deni. Yako yanayotoza, kama Eureka ya mji wa Halifax, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wadogo tu, ambako kila kitu ni cha kushikwa na kuchezewa. Hiyo ni ya kuwekewa akiba.

Tulianza na Makumbusho ya Manchester, yaliyo chini ya chuo kikuu cha mji huo. Yalifungwa kwa ujenzi, yakafunguliwa tena Februari 2023, na mwaka 2025 yakapewa tuzo ya makumbusho bora ya Ulaya. Watoto walikimbilia mifupa ya dainosari na vyura hai wa rangi za ajabu. Dada yetu alikimbilia jambo jingine: mna chumba cha kuswalia, na mna mahali ambapo familia huruhusiwa kula chakula ilichotoka nacho nyumbani. Msomaji asiyepata kuishi kule huenda asione ukubwa wa neema hiyo. Mwisho wa Oktoba jua lao huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote husongamana katika saa zile zile ambazo milango ya makumbusho imo wazi. Mama mwenye watoto watatu na kigari asiyejua ataswali wapi huishia kurudi nyumbani mapema, au hatoki kabisa.

Humo humo mna ukumbi wa Asia ya Kusini, uliopangwa na kundi la watu 30 wenye asili ya nchi hizo. Wao wenyewe ndio walioamua kiwekwe nini na kisemwe nini. Tulipendezwa na hilo. Aidha, makumbusho hayo mwaka 2023 yaliwarejeshea wenyeji wa kisiwa cha Groote Eylandt, Australia, vitu 174 vilivyokuwa vyao, wakiwemo wanasesere waliotengenezwa kwa makombe ya pwani. Mpwa wetu wa kike, mwenye umri wa miaka minane, aliposikia hayo aliuliza kama wanasesere hao walifurahi kurudi kwao. Hatukuwa na jibu.

Hatusemi kwamba kila kilichomo katika nyumba hizo ni cha kutazamwa na kila jicho. Majumba ya sanaa, likiwemo lile la manispaa ya Manchester na lile la Walker huko Liverpool, yana picha za karne zilizopita zenye wanawake wasio na nguo. Wenyewe wanabishana kuhusu hilo: mwaka 2018 jumba la Manchester liliiondoa ukutani picha moja mashuhuri ya mabinti wa majini ili kuzusha mjadala, watu wakakasirika, na baada ya wiki moja hivi ikarudishwa. Utaratibu tulioufuata sisi ni mwepesi. Mtu mzima mmoja hutangulia na kuzunguka vyumba, mwengine hubaki na watoto kwenye meza za kuchorea, ambazo aghalabu huwapo. Kisha hupelekwa pale panapofaa, na pasipofaa hupitwa bila makelele. Mtoto anayevutwa mkono na kuzibwa macho hukumbuka kile alichozibwa tu.

Kwa wapenzi wa vitabu, iko Maktaba ya John Rylands, katikati ya mji. Kwa nje hudhaniwa kanisa. Ilijengwa na mwanamke mjane, Bi. Enriqueta Rylands, kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe aliyekuwa tajiri wa pamba, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 1900. Miongoni mwa hazina zake ni msahafu wa Sultani Qansuh al-Ghuri wa Misri, aliyeuawa vitani mwaka 1516, nao ni katika misahafu mikubwa mno iliyobaki duniani. Siku tuliyokwenda haukuwa umetolewa kuonyeshwa, nasi tulitoka na kiu hiyo. Lakini watoto walikaa kimya ndani ya ukumbi ule wa mawe kama walivyokaa msikitini, na mama yao akapata dakika kumi za kupumzika ambazo hakuzitarajia.

Sasa tufike kwenye pamba, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka kule ambako hatukukusudia kufika. Makumbusho ya Sayansi na Viwanda ya Manchester yamejengwa pale palipokuwa na kituo cha garimoshi cha mwaka 1830, kituo cha abiria kikongwe kuliko vyote vilivyosalia duniani. Ndani yake mna mashine za kusokota na kufuma pamba, na wafanyakazi huzitia moto mbele ya wageni. Kishindo chake hutikisa kifua. Tuliwaeleza watoto kuwa leso za bibi zao, kabla ya viwanda vya kwetu, zilikuwa zikipigwa chapa Ulaya, India na Japani kisha zikaletwa Mombasa na Unguja kwa meli. Mama yao alikuwa na leso begani, na yule mdogo akaipeleka karibu na mashine ili, kwa maneno yake, "ione kwao".

Mkubwa, mvulana wa miaka kumi na miwili, hakucheka. Aliuliza: "Mjomba, pamba humea hapa?" Tukamwambia haimei, nchi ni ya baridi, ilitoka Marekani ya kusini kwa meli hadi bandari ya Liverpool. "Nani aliyeichuma?" Tukamwambia: watumwa. Akanyamaza, na siku ya pili akataka apelekwe Liverpool.

Garimoshi haikuchukua hata saa nzima. Tulianza kwa jambo jema, kwa kuzuru nyumba ya Brougham Terrace. Humo ndimo Abdullah Quilliam, mwanasheria wa mji ule aliyesilimu mwaka 1887, alimofungua msikiti mwaka 1889, na kando yake akaweka skuli, maktaba, matbaa ya gazeti la kila wiki, na hata makumbusho madogo. Baada ya yeye kuhama mwaka 1908 nyumba ilikuja kuwa ofisi ya kuandikishia vizazi na vifo, na haikurudi kuswaliwa hadi mwaka 2014. Wasimamizi hupokea wageni kwa miadi. Tulisimama pale tukawaza kwamba yule bwana, Mwingereza wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, aliona makumbusho kuwa sehemu ya kazi ya msikiti, ilhali sisi kwa neno moja la simu tulimfungia dada yetu nyumbani.

Kisha tukateremka bandarini. Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa yalifunguliwa tarehe 23 Agosti 2007, katika mwaka wa kutimia miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara hiyo, nayo yalikuwa katika orofa ya tatu ya jengo la zamani la bohari. Yamefungwa tangu Januari 2025 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo tulikuwa katika wageni wa miezi yake ya mwisho. Hapo nje palikuwa na magati ya kutengenezea zile meli zenyewe. Ndani mlikuwa na minyororo, hesabu za wafanyabiashara, na majina ya mitaa ya Liverpool yaliyotokana na watu waliotajirika kwa watumwa. Waandaaji hawakuwafichia watoto wao jambo hilo, wala hawakulipamba.

Mvulana alisoma kila kibao. Mwisho wake alitugeukia, na mbele ya watu aliuliza kwa Kiswahili ambacho siku nyingine hukionea haya: "Mjomba, sisi tulikuwa upande gani?"

Tulimjibu upesi: "Haya ni ya Wazungu, mwanangu." Tukamshika bega tukaenda zetu.

Usiku ule usingizi haukuja. Tumefundisha chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na tunajua sura ya mtoto aliyepewa jibu la kumnyamazisha. Alikuwa ameshusha macho, kama aliyegundua kwamba mkubwa wake naye huogopa. Na jibu letu halikuwa kweli. Merikani iliyovaliwa na bibi zetu, ile nguo iliyoletwa Unguja na meli za Marekani, ilifumwa kwa pamba ya huko huko. Na marobota ya merikani ndiyo misafara iliyoyabeba kwenda bara kununulia pembe, na watu. Mashamba ya nafaka ya Malindi na ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Soko la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873, na huku kwetu Pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Walikuwepo wenye majahazi na wenye mashamba waliokuwa na majina kama yetu. Na wapo miongoni mwetu ambao bibi wa bibi zao waliletwa kutoka Nyasa wakiwa wamefungwa kamba, nasi sote tunajua ni nyumba zipi ambazo mambo hayo hayatajwi posa inapoletwa.

Asubuhi, wakati wa chai, tulimwita mvulana tukamwambia kwamba jibu la jana halikuwa sahihi. Mama yake alitutazama kwa hofu, kwani alichelea mtoto akalirudie darasani na wenzake wamcheke. Tulimweleza yote hayo kwa utaratibu, pamoja na hili: kwamba dini iliweka kumwacha mtu huru kuwa kafara na thawabu, na watu wengi wa Pwani walilijua hilo na wakaendelea kununua. "Kwa hiyo tulikuwa pande zote mbili," alisema. Tukamjibu, ndiyo, pande zote mbili. Alikula hamri lake. Baadaye aliuliza kama kwetu pana makumbusho ya jambo hilo, tukamtajia kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875 upande wa bara wa Mombasa. Kengele ile ililizwa kuwaonya wenyeji wanapotokea washikaji watumwa, ndiyo maana mahali pale hadi leo hupaita Kengeleni.

Siku zilizobaki tulizitumia kwa wepesi zaidi. Huko Leeds, katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries, watoto waliona deraya ya tembo ya zama za wafalme wa Kimughali wa India, yaani mnyama mzima aliyevikwa vyuma. Mtoto mdogo ameichora mara nne tangu siku hiyo. York ina makumbusho ya garimoshi, na humo imo Mallard, iliyovunja rekodi ya mwendo wa injini za mvuke mwaka 1938. Bradford, mji wenye Waislamu wengi, hatukupata kufika, lakini dada yetu husifu jumba la sanaa la Cartwright Hall lililofunguliwa mwaka 1904, lenye kazi nyingi za wasanii wa Asia ya Kusini na bustani ya maji ya mtindo wa Kimughali pembeni yake. Kiangazi, asema, utakuta buibui na shela kila pembe ya bustani ile.

Familia hiyo inatarajiwa Mombasa Desemba hii, inshallah. Mvulana amekwisha tutumia ujumbe mara mbili kuuliza kengele iko hasa wapi, na kama mtu anaweza kuigusa. Iko kando ya njia, juu ya mnara wake mdogo. Tumeipita kwa matatu miaka yote hii tukienda Kisauni kusomesha, wala hatujapata kushuka.