Tulivuka Sirari Tukiwa Wawili

Akina mama wengi hutuuliza swali lilelile tukikutana nao baada ya ibada: mlikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa ndoa, hamna mtoto, madeni ya harusi hayajaisha, mlikwenda kutafuta nini Tanzania? Mama mkwe aliuliza kwa ukali zaidi. Alisema kujitolea ni kazi ya watu walioshiba, na sisi bado tulikuwa tunalipia kitanda.

Leo tutajaribu kujibu.

Sisi ni watu wa Kisumu, mume fundi bomba na mke mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa Oktoba 2022 tulipanda basi la Migori, tukavuka mpaka wa Isebania na Sirari, tukapita Tarime na daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, tukashuka Makutano. Ziwa ni lilelile, na dagaa ni walewale. Hata hivyo ugeni ni ugeni. Mtu wa kujitolea nchini Tanzania, hata akiwa jirani wa Afrika Mashariki, huombewa na wenyeji wake kibali cha ukaazi cha daraja C, nacho kina gharama yake. Akiba yetu ya kununua kabati iliishia hapo.

Nyumba tuliyokwenda kuitumikia iko upande wa Butiama. Ni moja ya nyumba salama za Mkoa wa Mara, wanakokimbilia wasichana wasiotaka kukeketwa. Hatutaji jina lake kwa sababu baadhi ya wasichana hao bado wanatafutwa na jamaa zao. Miongoni mwa Wakurya wa Tanzania msimu huja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa kawaida huruka mwaka: 2018, 2020, 2022. Wazee wa koo wakishatangaza, binti ana siku chache tu za kuamua.

Msitufikirie kwamba tulikwenda kuwafundisha majirani zetu usafi. Kwetu Kenya mambo hayo yapo pia, na Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania wanawake 8 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na mkoani Mara ni 28 kati ya 100. Utafiti wa Kenya wa mwaka huohuo ulipata 15 kati ya 100. Tofauti iko zaidi katika sheria. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inamlinda msichana wa chini ya miaka 18, na mlezi anayemkeketesha anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Aliyetimiza miaka 18 haitajwi, na huyo ndiye anayesubiriwa siku ya kuolewa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza kwa umri wowote, na kumvusha mtu mpaka ili akakeketwe ni kosa pia.

Siku ya kwanza tuliaibika. Wasichana walijipanga, wakatuamkia, "Shikamoo!" Mume akajibu, "Mzuri sana." Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Tulijifunza kuitikia marahaba, tukajifunza kwamba githeri yetu hapa ni makande na leso ni khanga. Mke akaitwa dada, na kwa hiyo mume akawa shemeji wa nyumba nzima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa sanduku la nguo za mitumba tulizokusanya kanisani kwetu. Tulizigawa jioni ileile kwa furaha. Hazikutosha, na usiku mabinti wawili walipigana kwa ajili ya sweta moja. Matroni hakutugombeza. Asubuhi alizikusanya zote, akazifungia stoo, akatuambia kwamba katika nyumba ile kitu kisichotosha wote hakigawiwi.

Baada ya hapo tulifanya kazi tulizozijua. Mume hakuruhusiwa kuingia bwenini, na ni haki, maana wengi wa mabinti wale walikuwa wamemkimbia baba au mjomba. Alifunga mifereji ya mabati ili maji ya mvua yaingie kwenye tangi. Bomba alifuata Musoma mjini, na viungo alivyovikosa huko akavipata Bunda. Mke alifundisha hesabu asubuhi na cherehani mchana. Jambo lililowashangaza mabinti hatukulipanga: shemeji alikuwa akifua nguo zake mwenyewe, na mara nyingine za mke wake. Walikuja kutazama kama watu wanaotazama mpira.

Siku moja tuliwapeleka wakubwa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, wakaona kaburi lake na makumbusho. Tuliwaeleza kwamba Mama Maria alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa mwaka 1953, na kwamba Mwalimu alipoacha kufundisha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, mama huyo aliendesha duka ili watoto wale. Binti mmoja aliuliza kama alilipiwa ng'ombe wangapi. Hatukuwa na jibu.

Desemba ilipofika magodoro yaliisha, wakalala wawili wawili. Wengine waliletwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, wengine walitembea usiku kucha.

Jumamosi moja mama mmoja alifika getini na bakuli lililofungwa kwa kitenge: viazi vitamu na samaki. Alisema amemfuata binti yake wa miaka 13 wakale Krismasi nyumbani. Matroni alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kiti, akamwita binti wakala pamoja. Lakini kutoka, akasema, hatoki leo.

"Mimi ndiye niliyemzaa," mama akajibu. Kisha akamgeukia mke. "Wewe una watoto?"

"Bado, mama."

"Basi huwezi kujua."

Usiku ule binti alilia, nasi tukafanya kosa la pili, kubwa kuliko la mitumba. Tulimwambia kwamba mama yake anampenda na Januari atarudi nyumbani. Matroni alipopata habari alitukalisha jikoni. "Dada, shemeji, msiahidi kitu kitakachotimizwa na mtu mwingine."

Kikao kilifanyika Januari 2023, mbele ya afisa ustawi wa jamii. Wazazi huitwa, huzungumza, na wakikubali hutia sahihi kwamba binti hatakeketwa. Hapo huruhusiwa kurudi. Mama alieleza yake bila kuficha. Binti asiyekatwa huitwa msagane hata kisimani. Ng'ombe wake wakiwa wachache, kaka yake ataoa kwa nini? Tulikuwa tumekuja tukidhani tutamwona mama mkatili. Tulimwona mama aliyekuwa akipiga hesabu ya watoto wake wote kwa pamoja, na hesabu haikutoka. Kitambo akanyamaza, kisha akaomba wino, akaweka dole gumba.

Baba alikataa. Alisema hatatia sahihi karatasi ya kumtawala nyumbani kwake, akatoka nje. Sahihi moja haikutosha, na binti alibaki. Alitutazama sisi wawili, hakusema neno. Tungepigwa ingeuma kidogo.

Tulirudi Kisumu mwisho wa mwezi huo. Mama mkwe alitupokea kwa chai na mandazi, akauliza kama tumemaliza kulipia kitanda. Tulikuwa hatujamaliza. Aliposikia habari za mama wa getini alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Yule mtoto anakula vizuri?"

Mwezi wa Machi matroni alitupigia simu. Yule mama alikuwa amekuja tena, peke yake, kwa bodaboda, siku ambayo mumewe alikuwa mnadani. Alileta viatu vyeusi vya shule, vikubwa kidogo kuliko mguu wa binti. Hakuuliza habari za karatasi wala za kurudi. Alikaa, akamsuka nywele hadi saa kumi, akaondoka.