Weka kufuli kwenye akaunti za biashara yako kwa mpangilio huu



Wewe unayepokea oda za parachichi za Masama kwa WhatsApp, au unayepiga picha mitumba ya Memorial na kuipandisha Instagram, mlango wa duka lako ni namba ya simu na nywila. Mwizi akiingia humo habebi mzigo, anabeba jina lako. Wateja wa Kwa Sadala, Boma Ng'ombe mpaka Dar wanapata ujumbe: "malipo ya oda tuma namba hii." Na wanatuma kweli, maana wanajua ni wewe.

Kufuli zipo na ni bure. Shida ni kwamba tunaweka moja leo, nyingine tunasahau, na simu ya pili ya dukani haina hata moja.

Mafundi wa seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, wana dawa ya hili. Fundi mwenye seva 20 hategemei kichwa chake, maana ataruka moja. Anaandika amri zote za ulinzi wa kuingia kwenye faili moja, wanaiita skripti, na kila seva inapitia faili hilo hilo. Skripti yako wewe ni ukurasa mmoja wa daftari. Kila simu ya biashara ipite humo, kwa mpangilio huu:

1. LAINI. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini ya biashara iko kwa jina la shemeji, simu ikipotea ni yeye anayetakiwa kuweka alama za vidole ili irudishwe. Pia weka PIN ya laini, ila tafuta PUK yako kwanza. Ukikosea PIN mara 3, laini inajifunga mpaka uingize PUK.

2. BARUA PEPE. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Gmail. Google inakupa namba 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi, zikae nyumbani, siyo kwenye simu hiyo hiyo.

3. WHATSAPP. Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe. Ukisahau PIN na hukuweka barua pepe, unaweza kusubiri siku 7 huku oda zinalala.

4. INSTAGRAM NA FACEBOOK. Hatua mbili huko pia, na kila akaunti iwe na nywila yake.

5. VIFAA VILIVYOUNGANISHWA. Fungua orodha hiyo kwenye WhatsApp. Kompyuta ya stationery uliyoitumia mwezi uliopita bado imo? Iondoe.

Kwa nini laini na barua pepe zitangulie? Kwa sababu mtu akibofya "nimesahau nywila" Instagram, njia ya kurudi inapita huko. Ukianza na Instagram ukaacha barua pepe wazi, umefunga mlango wa mbele na dirisha la jikoni liko wazi.

Kuna tabia nyingine ya mafundi hao ya kuiga. Ukikosea mstari mmoja kwenye masharti ya kuingia, seva inaweza kukufungia nje wewe mwenye mali. Ndiyo maana fundi hatoki alipo mpaka ajaribu kuingia upya kupitia dirisha lingine. Fanya hivyo hivyo: simu yako ikiwa bado imeingia, jaribu kufungua Gmail na Instagram kwenye simu nyingine. Ikikubali, toka kwenye hiyo ya pili. WhatsApp usiijaribu hivyo, kwa sababu ukisajili namba kwenye simu nyingine, ya kwanza inatolewa.

Mwisho, kijana wa dukani akiacha kazi, rudia ukurasa wote siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana kwa amani. Badilisha PIN, badilisha nywila, ondoa vifaa vyake. Na ile code ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS hapewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Halafu tuambie kwenye komenti: laini ya biashara yako imesajiliwa kwa jina la nani?