Mgeni Gani, Kisiwa Gani?

Wanachama kadhaa wametuuliza: mgeni akitaka kupumzika visiwani, tumwelekeze wapi? Twaona swali hili si dogo. Mwaka jana mwenzetu mmoja alimsifia bwana mmoja Pemba kwa kila jambo, naye akaja na wanawe wadogo akitazamia mchanga mweupe mlangoni. Akakuta vilima, mikoko na mikarafuu. Siku ya tatu akaondoka kwa hasira, mwenzetu akabaki na aibu.

Basi kwanza mwulize mgeni apenda nini. Mwenye watoto wa kuogelea aende Nungwi, Unguja. Paje na Jambiani ni pazuri, lakini maji yakipwa huenda mbali mno. Asiyejua hudhani bahari imehama. Mpenda majumba ya kale atosheke na Mji Mkongwe. Atakaye kumwona papa potwe aende Mafia, baina ya Oktoba na Februari.

Pemba yetu yamfaa mzamiaji, kwani mkondo wake una kina kirefu, na mtu wa kimya atakayeridhika na Misali, msitu wa Ngezi na popo wa Kidike. Masika, Machi hadi Mei, usimwite mtu.

Mpenda shamba aje wakati wa uchumaji, aone karafuu zikichambuliwa na kuanikwa majamvini. Ila kupanda mkarafuu asiruhusiwe, hata akiomba kwa ajili ya picha: tawi lake huvunjika ghafla, na hata wachumaji wetu waliozoea huanguka.