Noah ya Mtumba: Jua Injini Kabla ya Kulipa

Kwa familia yenye watoto wanne, bibi na mizigo ya sikukuu, Toyota Noah ni jibu la haraka. Ina viti saba au vinane, milango yake ya pembeni haigongi gari la jirani, na spea zake zimejaa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi. Lakini Noah nyingi za mtumba zilizoko barabarani ni za vizazi vinne tofauti, na kila kizazi kina ugonjwa wake. Asiyejua ananunua kipi anaweza kulipia gari mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa fundi.

Ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo wengi hupitisha miezi bila kuinua kiti kuitazama. Ya petroli, 3S-FE, ni ngumu kweli: mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hata ukikatika, kwa kawaida gari huzima bila pistoni kugonga vali. Dizeli ya 3C-T ndiyo ya kuogopa. Inajulikana kwa kuchemsha. Rejeta iko mbele, mabomba yake ni marefu, na hewa ikinaswa humo wakati wa kujaza maji, sehemu ya injini hubaki kavu. Silinda hedi hupasuka. Rejeta iliyoziba, ambayo ingesafishwa kwa gharama ndogo, huishia kwenye kufungua injini nzima, kutafuta hedi nyingine, kununua gasketi mpya na kulipa siku kadhaa za fundi.

Mwaka 2001 injini ilihamia mbele na kuwa 1AZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inabana mafuta vizuri, lakini petroli haipiti tena kwenye vali za kuingiza hewa na kuziosha, hivyo masizi huganda hapo. Gari hutetemeka likiwa limesimama na kukosa nguvu mlimani. Kusafisha masizi ni kazi ya bei nafuu. Kubadili pampu ya presha kubwa au nozeli si nafuu hata kidogo, na vifaa hivyo huharibiwa upesi na mafuta yaliyochakachuliwa. Uchakachuaji si hadithi: mwaka 2018 Kenya ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na mafuta ya magari.

Kizazi cha 2007 kina injini za 3ZR na gia boksi ya CVT. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa uzembe mdogo. Gia boksi hiyo hufanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na huhitaji mafuta yake maalumu. Fundi akimimina haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza na kuchubua puli. Lita chache za mafuta sahihi zingeokoa gia boksi nzima. Pampu ya maji nayo huvuja; alama yake ni madoa ya pinki yaliyokaukia kandokando. Kwenye 3ZR-FAE, kifaa cha umeme kinachorekebisha mwinuko wa vali kikifa, taa ya injini huwaka na gari hukosa nguvu. Kwa kawaida hubadilishwa kizima.

Noah ya 2014 ilileta pia toleo la haibridi. Betri yake hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na vumbi la barabara zetu huziba njia hiyo.

Boshi, shokapu na linki za stabilaiza huisha kwenye kizazi chochote, lakini bei yake haiumizi. Cha kuulizia zaidi ni historia. Mkoani Arusha, Noah nyingi zimebeba abiria; nchini Kenya, za viti saba hukimbia safari ndefu kati ya miji. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na rangi inayong'aa na injini iliyochoka.

Mnunuzi afike asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, aiwashe mwenyewe, atazame moshi, kisha apande mlima na fundi wake, jicho likiwa kwenye geji ya joto. Gari lipimwe kwa mashine. Milango ya umeme ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa. Kila kasoro iulizwe bei dukani kabla ya mapatano, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei ya gari. Ikiwa gia boksi inateleza au maji ya rejeta yana oili, atafute Noah nyingine kabla hajatoa hata advansi.