Biashara ya hewa katika njia panda ya Mkiwa

Mabasi yanayoshuka kutoka Mwanza kwenda Dodoma na Dar es Salaam hupita Mkiwa, wilayani Ikungi, pale barabara ya Itigi na Rungwa inapochepuka kuelekea Mbeya. Ndani ya buti mara nyingi kuna maboksi meupe ya povu gumu, yamejaa samaki na barafu. Malori nayo hupita na magodoro. Njia panda hii hupitisha povu kila siku, lakini fedha yake hubaki kule linakoumuliwa.

Vunja kona ya boksi moja uitazame. Ni vipunje vya duara vilivyobanana hadi vikapata pande bapa, kama sega la asali. Kila kimoja kilianza kikiwa chembe ngumu ya polistirini, ndogo kuliko punje ya mtama, ambayo ndani yake imefungiwa pentani, takriban asilimia 4 hadi 7 ya uzito wake. Pentani huchemka kwenye nyuzi joto 36 tu. Chembe zikipigwa mvuke wa nyuzi 100 hivi, plastiki hulegea, pentani hugeuka gesi, na chembe huvimba hata mara 40 au 50 ya ujazo wake.

Kisha zinapumzishwa. Gesi ikipoa huacha ombwe ndani, na kipunje kinahitaji saa kadhaa, pengine hadi siku mbili, kuvuta hewa ya nje ili kisinywee. Baada ya hapo vipunje humiminwa kwenye kalibu na kupigwa mvuke tena. Vinataka kuvimba, nafasi hakuna, basi vinashikana. Boksi likitoka, asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza chembe hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Hapo ndipo hesabu ya usafiri inapouma. Tani 25 za chembe zinaenea kwenye kontena moja la futi 40. Ziumue zifikie uzito wa kilo 20 kwa mita ya ujazo, utapata mita za ujazo 1,250, yaani makontena 18 na zaidi. Mwenye lori hulipwa kwa nafasi, kwa hiyo mnunuzi wa Singida anayeagiza povu lililokwisha kuumuliwa Dar es Salaam analipia nauli ya hewa. Godoro lina nafuu, kwa sababu linaweza kubanwa na kuviringishwa. Boksi la samaki halibanwi. Ndiyo maana viwanda vya povu gumu hukaa karibu na wateja, kama kile cha Shirika la Nyumba la Kenya kule Mavoko kinachotengeneza paneli za kuta.

Godoro, kwa kweli, lina kemia yake. Maji yakikutana na isosayaneti hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua sponji. Zamani viwanda vingi duniani viliongeza CFC-11 ili sponji iwe laini zaidi, mpaka Itifaki ya Montreal ya 1987 ilipoanza kuiondoa gesi hiyo kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Gesi za HFC zilizoshika nafasi katika baadhi ya mapovu nazo zimewekewa ukomo na marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016, kwa sababu zinaongeza joto la dunia. Pentani haigusi ozoni, ila inawaka upesi sana.

Mimi naamini ukanda wa kati unastahili kiwanda kidogo cha kuumua chembe, na Mkiwa, yenye barabara za kwenda pande tatu, isiachwe nje ya hesabu. Gharama kubwa ni mvuke. Singida ni mkoa wa alizeti, na maganda yake yanaweza kuchochea boila. Maji ndiyo kikwazo kigumu zaidi katika nchi hii kame, hivyo mwekezaji apange tangu mwanzo kuyarudisha maji ya mvuke uliopoa.

Ghala nalo lisiwe la bati tupu. Jua la mchana likilipasha moto, pentani huvuja polepole hata kabla magunia hayajafunguliwa, na chembe zilizopoteza gesi yake hazitavimba ipasavyo hata zikipigwa mvuke kutwa nzima.