Bandari Imerudi Tanga, Mitaa Je?

Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanga na watu 61,058. Tanzania Bara nzima hapakuwa na mji wa kuishinda isipokuwa Dar es Salaam. Mwanza, Arusha na Moshi zilikuwa nyuma, tena kwa mbali. Sensa ya 2022 imehesabu watu 393,429 katika Jiji la Tanga, na sasa Mwanza, Dodoma, Arusha na Mbeya zote ziko mbele yake. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba Tanga imekufa au watu wake wameikimbia. Watu wameongezeka zaidi ya mara sita. Tatizo ni kwamba wameongezekea pembeni, Kange, Pongwe, Masiwani na kwingineko, na katikati ya mji pamebaki maghorofa ya zamani yenye madirisha yaliyofungwa.

Katikati ninayoisema inaanzia ukingo wa bahari, pale bandarini na Bustani ya Jamhuri, ikapanda hadi kwenye reli. Ng'ambo ya reli ndiyo Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa namba, na mtu ukimuuliza anakoishi atakujibu "barabara ya kumi na mbili" akaona amemaliza. Kwa miaka mingi pande hizi mbili zililishana. Ngamiani watu walilala, mjini walifanya kazi, na kwa kuwa Tanga ni tambarare, baiskeli iliwafikisha wote. Hata leo mama wa baibui akipita anakanyaga baiskeli hakuna anayegeuza shingo.

Mji huu ulikuwa mlango. Reli ya kwanza ya koloni la Wajerumani ilianza kutandikwa hapa mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, kisha Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kwenye mashamba walikuja manamba kutoka kila pembe ya nchi, wakakutana na Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua, na mjini wakakuta Waarabu, Wahindi na Wagiriki. Jumamosi jioni wote walishuka Tanga na mshahara mfukoni.

Wengi husema mkonge ndio ulioiangusha Tanga. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kamba za plastiki ziliua bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967 na kusimamiwa vibaya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 na ushei. Viwanda vya mbolea, chuma na uzi navyo vikafuatana kulegea. Wagosi wa Kaya walipotoa wimbo wao "Tanga Kunani" mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa wanauliza swali la mji mzima. Sehemu ya jibu, hata hivyo, iko kwenye ramani. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, na mzigo wa kaskazini ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kuiona bahari ya Tanga. Barabara kuu ya lami ya kwenda Moshi na Arusha nayo ikapita Segera, kilomita kama 70 kutoka mjini. Tangu hapo abiria wa Arusha anakula Segera au Korogwe, na Tanga anaisoma kwenye kibao. Mlango ukawa kona.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye hati za nyumba, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mazungumzo mengi kuhusu kufufua miji yetu yanapopita juujuu. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo. Nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuikalia yote ilichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Miji yote iliguswa. Lakini mji mdogo, ambao maghorofa yake yote ya biashara yamesongamana mahali pamoja, uliguswa moyoni. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zikiuza chini na kulala juu ziliondoka. Aliyebaki ndani akawa mpangaji wa kodi ndogo, naye hana sababu ya kutia fedha kwenye nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba naye anaangalia kodi hiyo ndogo, anaona haitoshi hata mabati. Kila mmoja ana hoja, na paa linavuja.

Sasa tuje kwenye habari njema, maana zipo na ni kubwa. Kwa zaidi ya karne moja meli zilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari ndipo uletwe gatini. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Bandari imechimbwa, kina kimetoka mita 3 hadi 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450 zimejengwa upya, na gharama yake ni zaidi ya shilingi bilioni 429. Meli sasa zinafunga gatini. Upande wa pili wa ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mtu wa Tanga ana haki ya kufurahi.

Lakini furaha hiyo isitufanye tuchanganye vitu viwili. Shehena inayopita mjini na biashara ya katikati ya mji havina undugu wa moja kwa moja. Mfuate dereva wa lori. Anaingia bandarini alfajiri, anapakia, anatoka, na saa nne asubuhi anakunywa chai Segera. Fedha aliyoiacha Tanga ni ya ushuru, inayokwenda Dar es Salaam na Dodoma, na labda ya vocha. Bomba ndilo usiseme kabisa: likishatandikwa huendeshwa na mafundi wachache, na mafuta hayaingii dukani kununua kanga.

Katikati ya mji huishi kwa miguu. Namaanisha idadi ya watu wanaopita wakiwa wametumwa na jambo moja na wana saa moja au mbili za kusubiri. Duka la viatu haliishi kwa aliyetoka nyumbani kufuata viatu. Huishi kwa aliyekuja benki, akaambiwa asubiri, akatoka nje, akaviona. Mama lishe huishi kwa karani wa mahakama na kwa mtu aliyekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa. Jambo moja likiondolewa katikati ya mji, mengine manne hupungukiwa bila kujua yamepungukiwa na nini. Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa stendi ya Kange, mitaa ya Ngamiani ilipata nafuu ya msongamano, na hilo lilihitajika. Ila abiria wa Lushoto au Dar es Salaam anayesubiri basi saa mbili sasa anazisubiri Kange. Hesabu ya nafuu ya barabara ni rahisi kuifanya. Saa mbili zilizohama zinahitaji hesabu ya pili, nayo ni nadra kufanywa popote stendi inapohamishwa.

Shilingi nayo ina safari yake. Karani akinunua wali na samaki kwa mama lishe, mama huyo anamlipa mvuvi wa soko la samaki la Deep Sea, mvuvi anamlipa fundi wa mashua, fundi anamlipia mwanawe ada. Shilingi ileile imefanya kazi nne kabla ya kuvuka Segera. Ukiipeleka kwenye bidhaa iliyofungwa kiwandani mbali, imeondoka siku hiyohiyo. Wenyewe husema "waja leo, waondoka leo," na huwa wanawasema wageni. Kwa miongo kadhaa msemo huo umefaa zaidi kwa fedha.

Hapa ndipo utambulisho wa mji unapoingia kwenye uchumi, na sisemi kwa kupamba. Kontena likipata bei nzuri Mombasa litashushwa Mombasa. Halina mapenzi na mtu. Kinachoweza kumfanya mtu aje Tanga na asiende kwingine, akae na asipite, ni kile ambacho hakihamishiki. Tanga imetoa Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, Atomic na Jamhuri Jazz kwenye dansi. Shaaban Robert alizaliwa jirani hapo mwaka 1909. Coastal Union ilichukua ubingwa wa soka wa nchi 1988, na mpaka leo siku Simba au Yanga inapokuja uwanja wa Mkwakwani nyumba za wageni zinajaa na chakula kinaisha mapema. Hilo la mwisho litazameni vizuri, kwa sababu linaonyesha jinsi jambo hili linavyofanya kazi: kuna tukio lenye jina la mji, liko mahali pa kufikika kwa miguu, na watu wanafika mapema na kuchelewa kuondoka.

Jina la mahali linaweza pia kuuza. Wafugaji wadogo wa mkoa huu walijikusanya kwenye vyama vya ushirika, maziwa yao yakaanza kusindikwa mjini miaka ya 1990, na leo mtindi wa Tanga Fresh unanunuliwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajawahi kuvuka mto Wami. Kwenye pakiti kuna jina la mji, na ndani yake kuna ajira ya mji. Machungwa ya Muheza yana sifa nchi nzima, ila mengi huondoka kwenye malori yakiwa mazima na faida ya juisi inapatikana kwingine. Mkonge nao kwa miaka mingi umeuzwa kama nyuzi, wakati kapu, zulia na kamba ya mapambo vingeweza kufumwa na kuuzwa kwenye duka lililo mita 200 kutoka gatini.

Sipendekezi Tanga iige Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ule uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na watalii wameleta fedha, lakini wameleta pia kodi za nyumba ambazo mwenyeji wa kawaida hazimudu. Tanga haina haja ya kuanza na mtalii. Ianze na mtu wa kulala mjini. Ghorofa ya juu ikipata familia, duka la chini linapata mteja wa saa moja usiku, na mtaa wenye taa usiku ni mtaa salama. Shirika la Nyumba na wenye majengo binafsi wangeweza kutoa mikataba mirefu, ya miaka 15 au 20, ambapo mpangaji anakarabati kwa masharti na gharama inakatwa kwenye kodi yake. Halmashauri nayo iweke sharti kwamba ofisi, chuo au zahanati mpya inayotafuta eneo ioneshwe kwanza jengo tupu la katikati kabla ya kupewa kiwanja pembeni. Wamachinga wasifukuzwe, wapangwe pale miguu ilipo, kwa maana wao ndio kipimo sahihi kuliko mshauri yeyote cha wapi watu wanapita.

Kuna gharama watu huiogopa kuliko inavyostahili, nayo ni ya ukarabati. Nyumba nyingi za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaezekwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Hunyonya unyevu wakati wa masika, kisha huutoa taratibu. Fundi asiyeujua akija, hukwangua chokaa akapiga lipu ya saruji, na ukuta unapendeza miezi sita. Baadaye unyevu uliofungiwa ndani unatafuta pa kutokea, chumvi inavimba, lipu inabanduka kama ganda la yai na kung'oka na vipande vya jiwe, na ncha za boriti zinaoza zilipoingia ukutani. Mwenye nyumba anahitimisha kwamba jengo limezeeka, libomolewe. Jengo halikuwa na ugonjwa huo. Limeugua kwa sababu ya dawa.

Chokaa huhitaji kulowekwa, kuchanganywa na mchanga uliochekechwa, kupigwa tabaka jembamba juu ya jembamba na kuachwa ikauke polepole kivulini. Ni kazi ya mikono mingi na vifaa vichache. Kiuchumi hiyo ni sifa, kwa sababu sehemu kubwa ya bajeti inakwenda kwa mafundi na vibarua wanaoishi mjini, badala ya kwenda kwenye nondo, vioo na vigae vya kuagiza. Boma la zamani la Wajerumani limekwisha kukarabatiwa na sasa lina makumbusho ya Urithi. Mfano wa kujifunzia upo, tena mlango wake uko wazi. Kinachokosekana ni vijana wa kufundishwa kazi hiyo kabla mafundi wazee hawajaondoka nayo, na chuo cha ufundi kinaweza kuanza na darasa moja.

Masika yakipita, mwezi wa sita kipupwe kinaingia, jua linapungua ukali na kuta zinakuwa zimeanza kukauka. Huo ndio msimu wa kupiga chokaa. Mwenye jengo la matumbawe katikati ya Tanga, awe shirika au mtu binafsi, aanze na paa, asitie saruji ukutani, na atafute mpangaji wa ghorofa ya juu kabla hajatafuta wa duka.