Mteja wa Pili wa Mwanasheria Mkuu

Mkazi wa Muthurwa, Shauri Moyo au Kariobangi akiletewa ilani ya kuhama nyumba, hukimbilia kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge, au kwa wakili wa shirika la haki za binadamu. Mwanasheria Mkuu hamjii akilini. Humwona ni mtu wa Jumba la Sheria kule Harambee Avenue, mtu wa Rais na mawaziri, anayetokea kwenye televisheni kesi kubwa za siasa zinaposomwa. Lakini cheo hicho kimeandikwa kwenye majalada mengi ya watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, kuliko wanavyodhani, kwa kuwa sheria inayosimamia mashauri dhidi ya serikali inaelekeza kwamba anayeishtaki serikali kuu amshtaki Mwanasheria Mkuu. Askari akimuua kijana wa Dandora na familia ikadai fidia, Mwanasheria Mkuu ndiye anayejibu. Aliyeteswa Nyayo House enzi za Rais Moi, akafika mahakamani miaka mingi baadaye, alimkuta huyo huyo upande wa pili. Kwa hiyo tunamjua kama mpinzani. Tusichozoea kukisikia ni kwamba Katiba ya 2010 ilimpa pia kazi ya kututetea. Kifungu cha 156 kinamfanya mshauri mkuu wa serikali katika sheria na msemaji wake mahakamani, kisha kinamwagiza akuze na kulinda utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Ana wateja wawili basi. Hoja yangu ni kwamba tulimpa kila kitu cha kumtumikia mteja wa kwanza, tukamwacha mikono mitupu kwa wa pili, na gharama ya upungufu huo inalipwa mapema zaidi na wapangaji wa mashariki mwa Nairobi.

Cheo chenyewe hakikuzaliwa kwa ajili ya umma. Wafalme wa Uingereza walihitaji mtu wa kuwasemea katika mahakama zao, na kufikia karne ya 15 mtu huyo alikuwa na cheo rasmi. Wakoloni walipokileta Kenya, kilikuja na kazi ile ile ya kumsemea mwenye enzi. Mitaa ya Eastlands iliionja kazi hiyo wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, wakapita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika, ikiwemo Bahati na Pumwani. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini bila kushtakiwa, wakapelekwa kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Yote hayo yalikuwa na kanuni zake, zimeandikwa na kutiwa sahihi. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu mateso ya kambini. Alijua yanavyofanana na ya tawala katili za Ulaya, lakini hakuyakomesha. Alitunga maelezo ya kisheria yaliyotenganisha nguvu ya kumshurutisha mfungwa na nguvu ya kumwadhibu, ili kipigo kipate pa kusimama. Barua hizo zilikuja kuanikwa baada ya nusu karne, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Mwanasheria wa dola anaweza kuwa hodari sana wa sheria na uhodari huo ukatumika kuufunika uovu. Ndiyo maana siridhiki tunapoambiwa kwamba tunachohitaji ni mtu msomi tu katika kiti kile.

Uhuru haukubadilisha umbo la kiti. Charles Njonjo alikikalia kuanzia 1963 hadi 1980, akiwa na sehemu tatu za mamlaka mkononi: alimshauri Rais, aliketi Bungeni kwa cheo chake, na ndiye aliyeamua nani ashtakiwe na nani aachwe. Mwaka 1976, vuguvugu la kubadili katiba lilipojaribu kumzuia makamu wa rais asirithi kiti, Njonjo alitoa onyo kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Mjadala ulizimika. Onyo la wakili lilikuwa na uzito huo kwa sababu wakili huyo huyo ndiye aliyeshika ufunguo wa gereza. Mwaka 1986 Bunge lilimwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi, yaani Rais angeweza kumfuta bila kupitia jopo la uchunguzi. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990. Mwaka uliofuata aliingia Amos Wako, akakaa miaka 20. Wako alikuwa ndiye mtaalamu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, kazi aliyoifanya kuanzia 1982. Mwaka 2009 Philip Alston, aliyekuwa akishikilia wadhifa huo huo, alikuja Kenya kuchunguza mauaji yanayofanywa na polisi, akatoka akimtaka Wako ajiuzulu kwa kushindwa kuwashtaki wahusika. Wengine wameisoma habari hiyo kama hadithi ya mtu mmoja aliyegeuka. Mimi naiona ni ushahidi kuhusu kiti. Mtu yule yule aliyeyachunguza mauaji ya serikali za dunia hakuweza, au hakutaka, kuyashtaki ya serikali aliyoishauri kila wiki.

Waandishi wa Katiba mpya walilielewa hilo, wakakata sehemu kubwa. Mashtaka ya jinai yalihamishiwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mwenye muhula mmoja wa miaka minane usiorudiwa, na asiyeweza kuifuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Kizuizi hicho kilitokana na machungu ya kweli: mwaka 2005 Wako aliifuta kwa hati yake kesi ya mauaji ya askari wa wanyamapori Samson ole Sisina, iliyomkabili mrithi wa shamba kubwa la Bonde la Ufa, na nchi ikabaki mdomo wazi. Matunda ya mgawanyo huo yameonekana Eastlands. Mvulana wa miaka 13 alipouawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Machi 2020, ofisi iliyoagiza askari ashtakiwe kwa mauaji haikuwa ile inayoitetea serikali katika madai ya fidia. Zamani mkono uliomtetea polisi ndio ungeombwa umfunge pingu. Kiti cha Bungeni nacho kiliondolewa. Hayo ni mageuzi makubwa na hayastahili kubezwa.

Kilichobaki baada ya kukata ni yule mshauri, na ushauri ndipo penye uhai wa watu. Muthurwa inatufundisha hilo. Mtaa huo wa wafanyakazi wa reli, hatua chache kutoka katikati ya jiji, uliingia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa Shirika la Reli. Mwaka 2010 wapangaji walitakiwa kuhama; nyumba zikaanza kubomolewa na maji kukatwa watu wakiwa bado ndani. Wapangaji kumi na wawili, kwa niaba ya wenzao, walikwenda Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu akawa mmoja wa walioshtakiwa. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki yao ya makao bora, iliyomo katika kifungu cha 43, imevunjwa. Kisha akafanya jambo ambalo wananchi wachache wanalikumbuka: alimwagiza Mwanasheria Mkuu awasilishe kwa kiapo maelezo ya sera na sheria ilizonazo serikali kuhusu kuhamisha watu kwa nguvu. Maana ya agizo hilo ni nzito. Tulikuwa na haki ya makao ndani ya Katiba kwa miaka mitatu bila sheria ya kusema tingatinga lifike vipi, kwa ilani ya muda gani, mchana au usiku. Pengo hilo ni la mshauri mkuu wa sheria kuliona na kulipigia kelele kabla ya mpangaji kulazimika kuchanga nauli ya kwenda mahakamani. Bunge lilikuja kuliziba mwaka 2016, liliporekebisha sheria za ardhi na kuweka utaratibu wa kuhamisha watu, ikiwemo ilani ya miezi mitatu.

Miaka minne baada ya sheria hiyo, tarehe 4 Mei 2020, corona ikiwa imepamba moto na amri ya kutotoka nje usiku ikitekelezwa, nyumba za maelfu ya watu zilivunjwa karibu na mitambo ya majitaka ya Kariobangi, ingawa wakazi walikuwa na amri ya mahakama ya kusimamisha ubomoaji. Ulinzi wa tingatinga ulitolewa na polisi, na polisi ni wa serikali kuu. Kwa hiyo hata pale ardhi inapodaiwa na shirika la kaunti, kuna afisa wa serikali kuu anayeweza kuulizwa: amri hii ya mahakama mmeshauriwa nini juu yake? Hapa niongeze neno la manufaa, maana linawapoteza watu wengi. Mwanasheria Mkuu anaisimamia serikali kuu peke yake. Mpangaji wa Jericho, Maringo au Kaloleni, ambaye mwenye nyumba wake ni Kaunti ya Nairobi, anakutana na wakili wa kaunti, ofisi iliyopewa sheria yake mwaka 2020. Kumshtaki asiyehusika ni njia rahisi ya kupoteza miezi. Na anayeshinda kesi dhidi ya serikali ajue kuwa sheria haimruhusu kutuma madalali wakamate mali ya serikali. Hupewa hati ya deni, kisha hurudi mahakamani kuomba afisa wa fedha aamrishwe kulipa. Wapo wanaozeeka na hati hizo.

Kwa nini mshauri hanyanyui sauti? Kifungu cha 156 hakitaji muhula wake, wala utaratibu wa kumwondoa. Tulimrudisha, pengine bila kukusudia, karibu na mahali alipokuwa mwaka 1986. Tarehe 11 Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwafuta mawaziri, na Mwanasheria Mkuu Justin Muturi akaondoka pamoja nao kwa tangazo lile lile. Januari 2025 Muturi alieleza hadharani kwamba mwanawe alipotekwa Juni 2024, yeye akiwa bado Mwanasheria Mkuu, hakupata jibu kwenye vyombo vya usalama mpaka alipokwenda kumwomba Rais mwenyewe. Kama mshauri mkuu wa sheria wa taifa alilazimika kuomba, mzazi wa Mathare au Kayole aanzie wapi? Dorcas Oduor, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, aliyeingia Agosti 2024, anafanya kazi akijua namna mtangulizi wake alivyoondoka.

Watakaonipinga watasema ulinzi wa kazi tulishaujaribu. Wako alikuwa nao, na miaka yake 20 ndiyo ninayoilaumu. Ni pingamizi la haki. Lakini Wako alikuwa na ulinzi usio na ukomo pamoja na mamlaka ya kushtaki na kiti cha Bungeni. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa sumu. Mashtaka yameshaondoka. Muhula mmoja wa miaka sita au minane, usiorudiwa, na wa kukatizwa kwa jopo tu, hauwezi kumzaa Njonjo mwingine. Wengine watasema wakili humtetea mteja wake hata akiwa na makosa, na siri ya mteja haitolewi. Kweli, na serikali ina haki ya wakili. Ila mteja huyu analipa kwa kodi ya watu anaowabomolea, na hakuna wakili, wa serikali wala wa mtaani, anayeruhusiwa kumsaidia mteja kuvunja amri ya mahakama. Sidai kila ushauri uanikwe. Nadai kwamba, pale serikali inapotaka kuhamisha kaya nyingi, barua ya Mwanasheria Mkuu inayothibitisha kuwa ilani imetolewa na hakuna amri ya mahakama inayozuia iwekwe wazi kabla ya polisi kutumwa.

Ulinzi huo wa kazi hauhitaji kura ya maamuzi, kwani cheo hiki hakimo miongoni mwa mambo yanayolindwa na kifungu cha 255. Unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya Seneti, na barua ya ubomoaji inahitaji marekebisho madogo tu ya sheria ya ardhi. Wabunge wa Kamukunji, Makadara, Starehe, Mathare na Embakasi zote wangeweza kuwasilisha miswada hiyo miwili kikao kijacho. Waulizwe lini.